Keki ya Upande wa Mwanamke

Zabibu ndizo zilizoanzisha yote.

Jumamosi ile Albano na mchumba wake Marietha walikuwa wamekaa kwenye viti virefu vya duka moja la keki pale Sinza, mbele yao sahani ya vipande vya kuonja: cha vanila, cha chokoleti, cha ndizi na cha karoti. Harusi ilikuwa imekaribia, na kamati ya upande wa Albano ilikuwa imewatuma maharusi wenyewe wakachague ladha, ili siku ya siku asitokee wa kumlaumu mwenzake. Albano alikuwa ameoga, akavaa shati jeupe, akajipulizia marashi, lakini mikono yake bado ilinukia vanishi. Alikuwa fundi wa milango Manzese, mchonga maua juu ya mbao, kijana wa mabega mapana na maneno makali, na alijua thamani yake. Ukitaka kumwudhi, mwambie umeuona mlango mzuri kuliko wa kwake.

Mwenye duka aliitwa Brightson. Alikuwa mrefu, mpole, kucha zake safi kuliko za nesi. Alikata kipande cha karoti, akakiweka kwenye kisahani, na kabla hajakisogeza kwa Marietha alichukua ncha ya kisu akazichokoa zabibu zilizokuwa ndani, moja baada ya nyingine, akaziweka pembeni. Hakuna aliyemwomba. Marietha naye hakushangaa. Alipokea kisahani huku akiendelea kuongelea rangi ya maua, kama mtu anayepokea glasi ya maji nyumbani kwao.

Albano aliacha kutafuna.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nini, shem?"

"Kwamba hali zabibu."

Brightson akacheka. "Huyu? Huyu nimemlia zabibu zake chuo kizima!"

Marietha akacheka pia. Ukawa utani wa watu wawili, na mtu wa tatu amekaa katikati yao na kijiko mkononi. Albano alikumbuka mkate wa zabibu aliomnunulia Marietha siku moja alipokuwa mgonjwa. Aliubeba kutoka Kariakoo kama anabeba yai. Marietha aliushukuru sana, akasema atakula baadaye. Baadaye. Miaka miwili ya uchumba, na hakuwahi kulijua hilo; na huyu wa kucha safi alikuwa nalo kichwani tangu zamani, limelala tu, linangoja kisu.

"Hizi keki zako kavu," Albano akasema, akasukuma sahani.

Walitoka bila kuagiza. Walipofika nje, barabarani, Marietha alimshika mkono.

"Ndiyo nini vile? Yule mtu umemkosea."

"Ni nani wako?"

"Brightson? Si nilikwambia nimesoma naye."

"Uliniambia umesoma naye. Hukuniambia alikuwa anakulia zabibu."

Marietha alicheka tena, akidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni, akaacha.

"Albano, ule mwaka niliosoma mapishi pale Chang'ombe, kabla sijaenda ualimu, tulikuwa tunakaa meza moja. Nikioka mkate wa zabibu, mie natoa zabibu, yeye anakula. Basi."

"Na hakukutaka?"

Mwanamke mwingine angedanganya, na pengine ingekuwa heri. Marietha hakujua kudanganya.

"Alinitaka. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akaendelea kukanda unga. Umeridhika?"

Hakuridhika. Mwanaume gani anaambiwa hapana na Marietha, anasema sawa, anaendelea kukanda unga? Yeye mwenyewe alipoambiwa hapana ile ya kwanza alikuwa haoni randa wala msumeno, aliharibu mlango wa watu kwa kuchonga ua kichwa chini. Mtu anayepokea hapana kwa utulivu kiasi hicho, Albano aliwaza, ni yule anayejua kwamba hapana yenyewe haijafungwa kwa komeo.

Jumatatu kazini hakushika patasi. Alikaa juu ya rundo la mbao na simu yake, akaingia kwenye ukurasa wa Brightson, akashuka nao. Keki baada ya keki, maharusi baada ya maharusi, keki za ghorofa tatu, za ghorofa tano, za umbo la moyo, za umbo la kiatu. Alishuka mpaka miaka ya nyuma kabisa, na chini kule, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anafika, akamkuta Marietha. Amevaa aproni, ana unga kwenye paji la uso, anacheka. Yuko peke yake pichani. Hilo ndilo lililomchoma. Angekuwa na mwenzake pembeni, Albano angemwona huyo mwenzake na kumpima. Lakini alikuwa peke yake, na kicheko kile kilikuwa kinaelekea kwa mtu aliyeshika simu.

"Mwanangu, unachagua keki au unachagua hawara?" Mwinshehe, fundi mwenzake, alikuwa amesimama nyuma yake na kipande cha msasa. "Tangu asubuhi unasugua hicho kioo, kitatoboka."

"Hivi Mwinshehe, mwanaume mzima anakaaje kupaka krimu kwenye keki?"

"Na mwanaume mzima anakaaje kuchonga maua kwenye mlango wa choo cha baa? Sie tulikuuliza?"

"Mie nachonga mbao!"

"Haya, na yeye anachonga mayai. Ila mwenzio watu wanakula kazi yake." Mwinshehe akacheka mpaka akakohoa vumbi la mbao. Albano hakucheka.

Jumapili kamati ilikaa nyumbani kwa mama yake Albano, Bi Bernadeta, kwenye viti vya plastiki uani. Walipofika kwenye keki, Albano alisimama kabla hajaulizwa. Akasema wamekwenda Sinza na hawakupenda walichokiona. Akasema keki zile ni za kupigia picha, ukiziweka mdomoni unatafuna gundi. Akasema mtaani kwao yupo Mama Gladness, anayeoka kwa mkaa na kuwalisha watu wa Manzese tangu yeye Albano ana kamasi, kwa nini heshima ya harusi yao wakaipeleke kwa wageni?

"Na bi harusi anasemaje?" mjumbe mmoja akauliza.

"Marietha hana shida," Albano akajibu, bila kupepesa.

"Mbona nasikia huyo wa Sinza ndiye anayevuma?"

"Avume! Keki ya yule jamaa haipiti kooni mwangu. Nasema mbele yenu nyote. Hata ningekuwa sijala toka jana, nikaletewa na malaika, siili."

Watu walicheka, wakapiga makofi kwa ule ukali wake, maana kamati hupenda bwana harusi mwenye msimamo. Keki ikapewa Mama Gladness. Bi Bernadeta peke yake hakupiga makofi. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akainuka kwenda kuongeza chai.

Albano aliondoka pale kifua mbele. Alitembea na Mwinshehe kuelekea barabara ya Morogoro, akieleza kwa mikono namna alivyomfungia yule mtu mlango, tena mlango wa mninga, wa bawaba nne. Mwinshehe alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Safi. Na ya sendofu?"

"Ya sendofu nini?"

"Keki, fundi. Ya sendofu anaoka nani?"

Albano alisimama katikati ya watu, mama mmoja mwenye beseni la nyanya akamkwepa na kumtukana. Alikuwa amesahau. Jambo ambalo kila mtoto wa Dar analijua, yeye mwenye akili zake alikuwa amelisahau: kwamba harusi ni ya upande wa mwanaume, lakini sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi kabla ya ndoa, ni ya upande wa mwanamke. Ina kamati yake, ukumbi wake, mpishi wake na keki yake, na bwana harusi huko ni mgeni kama wageni wengine. Anakaribishwa, anakaa alipowekwa, anakula alichopewa. Na si hivyo tu. Siku hiyo keki ikishakatwa, bi harusi huteremka na kipande mkononi, akamtafuta mwanaume wake katikati ya watu, na akimpata humlisha mbele ya wazazi, ili ukoo wote ujue ni huyu.

"Hawatamchukua yule," Albano akasema.

"Shemeji ndiye mwenye sherehe. Amchukue nani, Mama Gladness wa mkaa?"

Maneno ya kamati hayakai kikaoni. Kesho yake jioni Marietha alikuja kazini kwa Albano akiwa bado na nguo za shule ya chekechea anakofundisha, chaki kwenye mkono wa blauzi. Alimsalimia Mwinshehe vizuri. Mwinshehe alimtazama usoni, akakumbuka ghafla kwamba ana misumari ya kununua.

"Nasikia sina shida," Marietha akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nasikia umeapa. Malaika wameingizwa."

"Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania. Ungeniuliza, Albano."

"Si nilikuuliza, pale Sinza?"

"Ulinihoji. Unaujua utofauti? Mtu akikuuliza anangoja jibu. Wewe ulikuwa na jibu mfukoni, ulitaka mie nilitie sahihi." Aliketi juu ya benchi la kazi, akafuta vumbi la mbao kwa kiganja. "Nimemwagiza Brightson keki ya sendofu. Simwagizi kwa sababu yako wala kwa sababu yake. Namwagiza kwa sababu anajua kuoka. Na kwetu Mbagala watakuwepo baba, mashangazi, na wajomba wanaotoka Masasi. Nitashuka na kipande mkononi, nije ulipo. Ukila, nitajua unanioa mimi. Usipokula, washenga wenu waje wachukue walichokileta."

"Kwa ajili ya keki?"

"Keki ndiyo nini? Leo zabibu, kesho mwalimu mwenzangu kanipa chaki, keshokutwa dereva wa bodaboda kanijua jina. Nitaishi vipi?" Alishuka benchini. Alipofika mlangoni aligeuka, na uso wake haukuwa wa hasira tena, ulikuwa wa mtu aliyechoka. "Mie nakupenda, ujue. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Albano alijifunza kula keki ile kabla haijaokwa. Kila siku kazini, akisukuma randa, alijiona amefungua mdomo, ametafuna, amemeza, amemaliza. Kitu gani? Unga na sukari. Alishakula vumbi, alishakula matusi ya wateja. Siku ya sendofu alivaa suti yake ya kijivu, akapanda gari na mama yake na wazee wa upande wao, na njia nzima hadi Mbagala alikuwa mtulivu kiasi kwamba Bi Bernadeta alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Ukumbi ulipambwa zambarau na nyeupe. Waliwekwa kwenye meza ya upande wa kulia, yeye katikati, mama yake ubavuni. Marietha aliingia akicheza na mpambe wake, gauni la zambarau, na Albano alisahau kila kitu kwa muda. Alitamani tu watu wote watoke nje. Kisha dijei akabadilisha wimbo, mlango ukafunguliwa, keki ikaingia.

Ilisukumwa juu ya meza ya magurudumu, ghorofa tatu, na aliyeisukuma alikuwa Brightson mwenyewe, koti jeupe limenyooka, anacheza polepole kwa mabega. Kinamama walipiga vigelegele. Albano aliitazama kwa jicho la ufundi, akitafuta palipopinda. Hapakupinda. Ilisimama wima kama fremu iliyopigwa timazi, na maua ya krimu yaliyoizunguka yalikuwa na jani lililokunjika ukingoni, kukunjika kule ambako yeye humchukua siku nzima kukupata kwenye mbao.

"Mtaalamu wa keki, tuambie umetuletea nini!" mshereheshaji akasema, akampa kipaza sauti.

Ni desturi, fundi keki hupewa nafasi aieleze kazi yake. Brightson alieleza vizuri. Ghorofa ya chini ni ya wageni, ya kati ni ya wazazi, ya juu ni ya bi harusi na mwenzake. Angeishia hapo, yote yangepita salama.

"Na haya maua ya juu," akasema, "sikuyapanga mimi. Bi harusi alikuja mwenyewe jana akayapanga. Nikamwachia, maana ile mikono naijua, ilikanda unga na mimi chuoni!"

Ukumbi ukacheka. Hakuna aliyesikia ubaya, kwa sababu ubaya haukuwepo. Lakini Albano aliyasikia yale maneno yakimwingia kama msumari kwenye mti mbichi. Mikono naijua. Jana alikwenda. Jana mchana Albano alipiga simu, Marietha akasema yuko mjini ana shughuli.

Keki ikakatwa. Marietha akapewa kisahani na kipande juu yake, mshereheshaji akaanza kelele. "Haya mabibi na mabwana, mtoto wa kike kapotelewa na mali yake! Yuko wapi? Yuko huku? Hayuko! Bi harusi, usichukue mume wa mtu!" Marietha alizunguka meza kwa madaha, akisimama mbele ya mjomba huyu na yule, akitikisa kichwa, watu wakishangilia. Akafika meza ya kulia. Akasimama mbele ya Albano.

Albano alisimama. Alijiambia: fungua. Alikuwa amelifanya mara mia akiwa na randa. Marietha alichoma kipande kwa uma, akakiinua. Kilikuwa karibu kiasi kwamba alinusa siagi. Na nyuma ya bega la Marietha, kando ya keki, alimwona Brightson amesimama mikono nyuma, anatazama, anatabasamu kama watu wote ukumbini walivyokuwa wanatabasamu. Meno ya Albano yakabana. Aliyaamuru, yakakataa.

"Bwana harusi ana aibu!" mshereheshaji akapaza. "Mtieni moyo!"

Makofi yakaongezeka. Uma ulibaki hewani. Marietha hakumsihi wala hakumkonyeza. Alimtazama tu, na Albano aliona kitu kinafifia machoni mwake, kidogo kidogo, kama taa ya kibatari inayopunguzwa. Makofi yakaanza kulegea. Kwenye meza ya mbele, baba yake Marietha aliinamisha kichwa kumuuliza ndugu yake jambo.

Ndipo Marietha alipogeuka. Aligeuka kwa utulivu, kama vile ndivyo ilivyopangwa, akapiga magoti mbele ya Bi Bernadeta na kumwinulia uma.

"Mama mkwe kwanza!" mshereheshaji akapiga kelele, ameokoka. "Hee! Huyu kafundwa! Huyu kafundwa jamani!"

Vigelegele vililipuka, upande wa mwanaume ukainuka mzima kucheza. Bi Bernadeta alikula, akamkumbatia mkwe wake, akamwinua. Kisahani kilikuwa kitupu. Marietha alirudi meza kuu, mgongo umenyooka, akakaa, akatazama mbele. Hakumtazama Albano tena.

Bi Bernadeta alimvuta mwanawe sikio karibu na mdomo wake, huku bado akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Yule mtoto kakufichia aibu ambayo hukustahili kufichiwa," akasema. "Mie nimemaliza kutafuna. Wewe unangoja nini hapa, nikutafunie na wewe?"

Kutoka meza ya kulia hadi kwenye keki palikuwa na ukumbi mzima wa kuvuka. Albano alivuka. Watu walidhani anakwenda kucheza, wakamfungulia njia. Dijei akamwongezea sauti. Yeye hakucheza. Alitembea mpaka mbele ya Brightson, na walipokuwa wamesimama hivyo alitambua kwamba yule mtu alikuwa mrefu kuliko yeye, na hilo pia akalimeza.

"Naomba kipande," akasema.

Muziki ulikuwa juu. "Unasemaje, shem?"

Ikabidi aseme tena, kwa sauti, mbele ya kinamama waliokuwa wanapanga visahani. "Naomba kipande cha keki yako!"

Brightson alimtazama. Huenda maneno ya kamati yalikuwa yamefika Sinza pia, hayakosi. Alichukua kisu, akakata ghorofa ya juu, kipande kinene, akakilaza kwenye kisahani bila kukivunja.

"Ahsante," Albano akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa fundi na macho yake hayakuweza kukana yalichokiona: "Majani umeyakunja vizuri."

"Nashukuru, braza."

Alipanda hadi kwenye meza kuu na kisahani chake. Mshereheshaji alimfuata na maneno, "Anakwenda wapi huyu, jamani? Huyu si zamu yake!" na watu wakawa wanacheka bila kujua wanacheka nini. Marietha alikuwa amekaa, hivyo Albano alilazimika kuinama, na kuinama hakukutosha, akapiga goti kwenye zulia jekundu mbele ya wajomba wa Masasi. Akaweka kisahani mbele yake. Akafungua mdomo.

Marietha hakushika uma. Alimwacha vilevile, mdomo wazi mbele ya ukumbi, mpaka mshereheshaji akaishiwa utani na dijei akapunguza muziki akidhani kuna hotuba.

"Jana nilikwenda kupanga maua," Marietha akasema polepole, kwa ajili yake peke yake. "Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nakuogopa. Sitaki kukuogopa."

Albano alitikisa kichwa kukubali, mdomo bado wazi. Hakuthubutu kuufunga.

Ndipo Marietha alipochukua uma. Hakukata kidogo kama wanavyofanya maharusi kwa ajili ya picha. Alikitia karibu chote, krimu ikampaka Albano hadi kwenye masharubu, mashavu yakajaa akashindwa kutamka lolote. Ukumbi ukapasuka. Mashangazi wakaja wakicheza na khanga, baba yake Marietha akasimama akapiga makofi juu ya kichwa.

"Tafuna," Marietha akasema. Alikuwa hacheki, lakini ile taa ilikuwa imerudi kidogo. "Na ya harusi tutazungumza kesho, mie na wewe, kabla ya kamati."

Albano alitafuna. Keki ilikuwa laini, nzuri, na kila alipotafuna alizidi kuona kwamba nzuri ni neno dogo. Alimeza, akavuta pumzi, na kabla hajajizuia macho yake yalipita juu ya bega la Marietha kuangalia kama yule mtu anatazama.

Brightson hakuwa anatazama. Alikuwa amewapa mgongo, anafuta kisu chake, anacheka na mpambe wa bi harusi, na hilo nalo likamuuma.